MFARISHI BILA KUMALIZA MSHAHARA

Nilipohamishiwa Kabale kwa kazi ya serikali, usiku wa kwanza ulinifunza kwamba baridi haitambui cheo. Watoto wetu watatu walijikunyata chini ya blanketi moja, na mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Mke wangu akashauri tushone mfarishi wa vipande. Shauri lilikuwa jema, ila tulikata vipande vidogo mno. Kitambaa kikatuishia njiani, na fedha za unga zikaenda kununua kingine. Kosa hilo, ndugu msomaji wa kambini au kituoni, nakuomba usilirudie.

Kwanza, hesabu itangulie mkasi. Chukua mfarishi wenye upana wa sentimita 160 na urefu wa sentimita 200. Ukitumia vipande vya sentimita 20, vitahitajika 80. Kila kimoja kikatwe sentimita 22, kwa kuwa mshono hula sentimita moja kila upande. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 110, utahitaji sentimita 352. Lakini ukichagua vipande vya sentimita 10, vitahitajika 320, kila kimoja kikikatwa sentimita 12, na kitambaa kitafika sentimita 432. Mfarishi ni ule ule, bali sentimita 80 zimepotea, mbali na uzi na muda.

Pili, usikimbilie dukani. Mafundi cherehani hubaki na vipande vya vitenge na magomesi. Mwombe fundi wako akuwekee. Nyumbani mna mashati yaliyochakaa kola tu, na mashuka yaliyotoboka katikati huku kingo zikiwa imara. Lakini sare ya jeshi au ya polisi, hata ikichakaa, isiguswe. Hiyo ni mali ya serikali. Irudishwe kwa kufuata utaratibu.

Tatu, fua kila kitambaa kabla ya kukikata. Pamba hurudi ikilowa, na rangi nyekundu yaweza kuchuja ikaharibu kazi yote. Sugua kipande kilicholowa kwa kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kitenge.

Nne, upande wa chini usinunuliwe mpya. Kwa kitambaa cha sentimita 110 ungehitaji zaidi ya mita tatu, yaani karibu sawa na upande wa juu wenyewe. Unganisha mashuka mawili ya zamani. Katikati laza blanketi kuukuu, piga bandi tabaka zote tatu zisihame, kisha shona.

Mfarishi wetu wa pili ulitugharimu uzi peke yake. Tangu hapo tumehama mara mbili, nao umekuwa wa kwanza kufungwa na wa kwanza kufunguliwa. Mama, baba, anzeni leo kuweka vipande katika mfuko mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na baridi itakapokuja itawakuta watoto wamefunikwa.