Daktari wa moyo wa mtoto yuko wapi?

(Muziki wa kufungua, unashuka taratibu)

Leo nazungumza hasa na mzazi ambaye mtoto wake ameambiwa ana nimonia mara ya tatu, mara ya nne, dawa zimeisha, na bado mtoto anapumua mbio kama mtu aliyetoka kupanda kilima na mzigo wa kuni.

Mzazi huyo namjua. Ni mama yangu. Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa hapa kambini. Kila akinyonya alitoka jasho kichwani. Ananyonya kidogo, anaacha, analala, anaamka na njaa. Mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki ulilala chini wakati wa wenzake unapanda. Jirani mmoja akasema ni kijicho. Mwingine akasema mama alivuka mto usiku akiwa na mimba. Mtoto alikuwa na miezi kumi na moja pale tabibu mmoja kijana alipoweka kipimo kifuani, akasikiliza muda mrefu, akamwambia mama: "Hapa si mapafu peke yake. Moyo unapiga na mlio wa ziada."

Mlio wa ziada peke yake si hukumu, watoto wengi wazima wanao. Lakini mlio pamoja na jasho wakati wa kunyonya, kupumua mbio na kutoongezeka uzito, hapo ni lazima moyo uangaliwe.

Nieleze kama nilivyoelezwa. Moyo una upande wa kulia, unaosukuma damu kwenda mapafuni kuchukua hewa, na upande wa kushoto, unaoisukuma kwenda mwilini. Katikati kuna ukuta. Wapo watoto wanaozaliwa na tundu kwenye ukuta huo. Wapo wenye mshipa uliotakiwa kujifunga siku chache baada ya kuzaliwa, ukabaki wazi. Na wapo ambao njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba. Hawa ndio hugeuka rangi ya bluu wakilia, na wakishaanza kutembea utawaona wakichoka wanachuchumaa. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute bluu kwenye mashavu. Fungua mdomo, angalia ulimi na ufizi.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, karibu mmoja ana kasoro ya moyo. Mara nyingi sababu haijulikani, na haiambukizi. Mama hakufanya kosa. Kama mtoto wako ana ugonjwa wa Down, omba moyo wake uangaliwe hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa karibu nusu ya watoto hao huwa na kasoro hiyo.

Tundu dogo linaweza kujifunga lenyewe. Kubwa halisubiri. Damu nyingi inaingia mapafuni kwa nguvu, ndiyo maana tunaiita nimonia kila mwezi. Miaka ikipita hivyo, mishipa ya mapafu inakakamaa. Ikishakakamaa, kuziba tundu hakusaidii tena, na upasuaji wenyewe unaweza kuua. Mtoto aliyefika mapema na mtoto aliyefika akiwa amechelewa wanaweza kuwa na tundu lile lile, lakini majibu watakayopewa ni tofauti kabisa.

(Muziki mfupi)

Sasa huyo daktari ni nani? Hapa ndipo sisi tulipopotea. Baada ya miezi ya kufuatilia, mdogo wangu alipelekwa kwa daktari wa moyo katika mji mmoja. Tulifurahi, tukapika. Kumbe daktari yule ni wa watu wazima: presha, mioyo ya wazee. Mashine yake haikuwa na kichwa kidogo cha kupimia kifua cha mtoto mchanga. Alikuwa muungwana, akasema wazi kwamba kazi hii si yake. Tukarudi na barua, tukaanza upya, na miezi minane ikaenda.

Kwa hiyo shika maneno haya: daktari bingwa wa moyo wa watoto. Huyo ndiye anayetambua ni kasoro gani, anatoa dawa za kupunguza maji mwilini, na anaamua kama ni kusubiri, ni kuziba kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa pajani, au ni upasuaji. Anayepasua ni mwingine, bingwa wa upasuaji wa moyo, na kwake hufiki bila kupitia kwa wa kwanza. Kipimo kinachotoa jibu kinaitwa eko. Ni mashine ya picha kama ile ya kuangalia mimba, haichomi wala haiumi. Picha ya kawaida ya kifua haitoshi kuona tundu.

Njia inaanzia kituo chako cha afya. Mwombe muuguzi ampime mtoto oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidole. Ni dakika moja tu. Mwambie tabibu, kwa heshima lakini bila kuogopa: "Hii ni mara ya nne. Naomba usikilize na moyo." Kutoka hapo ni hospitali ya kambi, halafu hospitali ya wilaya au mkoa, halafu hospitali kubwa. Kwetu Tanzania, mwisho wa njia kwa mioyo ya watoto ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kwenye eneo la Muhimbili, iliyoanzishwa 2015. Ina madaktari wake, na mara kwa mara hupokea timu za mabingwa kutoka nje wanaokuja kupasua pamoja nao. Ndugu zetu wa Nakivale na Kyangwali, Uganda, mnaosikiliza: kwenu ni Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago, Kampala.

Kabla barua ya rufaa haijafungwa, omba usomewe. Kama imeandikwa "kikohozi sugu", mtapelekwa kwa daktari wa kifua. Iseme kwamba moyo unashukiwa, kwamba ni tatizo la kuzaliwa nalo, iseme umri, uzito na kipimo cha oksijeni, na iombe eko ya mtoto. Anayeandika ana wagonjwa themanini mlangoni. Kuuliza si utovu wa adabu.

Halafu kuna kamati ya rufaa. Nasikia manung'uniko yenu kuhusu kamati, na mengine ni ya haki. Kwa utaratibu wa UNHCR, rufaa isiyo ya dharura hupita kwa watu wanaotazama mambo mawili makubwa: je, matibabu yatamsaidia mgonjwa, na gharama ni kiasi gani. Pesa ni kidogo, na wengine hukataliwa. Ukikataliwa, uliza sababu, na uliza kama faili linaweza kurudishwa likiwa na kipimo kipya. Dharura haisubiri kikao. Mtoto anayeshindwa kunyonya kabisa, aliyegeuka bluu ghafla au aliyezimia anakwenda hospitali ya kambi usiku huo huo.

Na sasa jambo ambalo litawaudhi baadhi yenu. Wapo wazazi wanaoficha barua ya rufaa chini ya godoro, wakisema: nikitibiwa hapa, kesi yangu ya medikali itakufa, sitapelekwa Marekani. Mzazi mwenzangu, kesi ya matibabu huangalia kama ugonjwa hauwezi kutibiwa katika nchi uliyokimbilia. Nafasi ni chache sana na miaka ni mingi. Mapafu ya mtoto hayajui ratiba ya ndege.

Kuhusu safari: hapa Tanzania usitoke bila kibali, hata kama barua ya daktari unayo. Kutoka Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa kawaida mtoto husindikizwa na mtu mmoja, kwa hiyo panga mapema wengine watabaki na nani. Beba kadi ya kliniki, majibu yote hata yaliyochakaa, na jina la kila dawa. Mrekodi mtoto kwa simu siku anapohema vibaya. Mbele ya daktari anaweza kulala kama malaika. Kama unajua Kirundi au Kibembe tu, sema mapema ili atafutwe mtu wa kutafsiri, maana neno moja likipotea kwenye dozi ni hatari. Na usiondoke kwa bingwa bila tarehe ya kurudi iliyoandikwa.

Wakati unasubiri, mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi, usikatishe dawa, usiruke chanjo hata moja, na akiota meno yasafishwe kila siku. Jino bovu linaweza kupeleka vijidudu hadi kwenye moyo.

Mdogo wangu alizibwa akiwa na miaka mitatu. Juzi alinishinda mbio kutoka bombani hadi nyumbani, na mimi nilikuwa sijabeba ndoo. Kwenye wodi ile, kitanda cha pili, kulikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili. Tundu lake, mama yangu anasema, lilikuwa mahali pale pale. Yeye alirudishwa kambini na vidonge tu.

(Muziki unapanda kidogo)

Wiki ijayo muuguzi wa kliniki ya watoto atakuwa hapa studioni na kile kifaa cha kidole, atuonyeshe kinavyosomwa. Andika swali lako na ulitie kwenye sanduku letu mlangoni, bila jina ukipenda. Usiyejua kuandika, njoo uniambie, nitakuandikia.