Uzito wa Mkono: Sanaa ya Mpiga Piano na Vinanda vya Mbezi Luis

Katika makanisa ya Mbezi Luis, kuanzia yale yaliyo kando ya barabara ya Morogoro karibu na Kituo cha Mabasi cha Magufuli hata yale yaliyojificha kwenye njia za vumbi ziendazo Makabe na Msakuzi, haipiti Jumapili pasipo kijana kuketi mbele ya kinanda cha umeme akaiongoza kwaya ya sauti nne; na vijana hao, ambao aghalabu hawakupata mwalimu ila masikio yao wenyewe na wenzao waliowatangulia, wamefika mahali pa kustahili heshima. Kwa ajili yao na kwa ajili ya wazazi wao naandika makala haya, kwani mara nyingi huulizwa pana umbali gani baina ya mpiga kinanda wa kwaya na yule mpiga piano wa muziki wa klasiki anayeketi peke yake jukwaani mbele ya watu elfu mbili walionyamaza. Umbali huo, kwa yakini yangu, si wa kipaji, wala si wa wingi wa tungo azijuazo mtu. Ni umbali wa uzito wa mkono, elimu ambayo vinanda tulivyowanunulia haviwezi kuwapa.

Ili muradi wangu ueleweke, yatupasa kwanza kuijua ala yenyewe. Piano ilibuniwa mjini Florence, Italia, yapata mwaka 1700, na fundi aitwaye Bartolomeo Cristofori, aliyekuwa akiwatumikia watawala wa nyumba ya Medici. Na katika piano alizoziunda zimesalia tatu mpaka leo, mojawapo, ya mwaka 1720, ikiwa katika jumba la makumbusho mjini New York. Kabla yake ala kubwa ya vibonyezo huko Ulaya ilikuwa hapsikodi, ambayo huchopoa nyuzi kwa kipande cha unyoya, na kwa kuwa mkono wa mpigaji hauugusi uzi wenyewe, kama unavyougusa mkono wa mpiga kanuni katika taarabu yetu, basi ukibonyeza kwa hasira au kwa upole sauti hutoka ile ile. Cristofori aliuondoa unyoya akaweka nyundo ndogo, na akaifanyia tadbiri ya ajabu: kibonyezo huirusha nyundo, kisha huiachia kabla haijaufikia uzi, nayo hugonga na kurudi nyuma mara moja ili uzi ubaki huru kutetema. Piano ya leo ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, nyundo zilizovikwa sufu iliyoshindiliwa, na nyuzi takriban 230 ambazo jumla ya mvuto wake hukaribia tani 20, ndiyo sababu ndani yake mna fremu ya chuma cha kusubu. Na juu ya hayo yote, siri ya ala hii ni ile nukta ndogo ambapo nyundo imekwisha kuachiwa nayo haijagonga, na mpigaji hana tena mamlaka nayo.

Ndipo linapozuka swali lililowashughulisha wataalamu muda mrefu. Ikiwa mpigaji ana amri juu ya mwendo wa nyundo, na juu ya muda wa sauti kabla kizuizi hakijashuka kuuzima uzi, na juu ya makanyagio ya miguuni, wala hana amri juu ya kitu kingine chochote, imekuwaje wapigaji wawili wakaketi kwa zamu mbele ya piano moja, wakapiga noti zile zile za Chopin, mmoja akaiacha hadhira ikitokwa na machozi na mwingine akaiacha ikitazama saa?

Jibu limo katika nisba. Noti moja, ikipigwa peke yake, haina uzuri mwingi wala ubaya mwingi. Uzuri huzaliwa baina ya noti na jirani yake, kwa kadiri moja inavyoizidi nyingine nguvu na kwa kadiri inavyochelewa au kuwahi kwa chembe ya wakati ambayo saa ya ukutani haiwezi kuipima. Zikipigwa noti nne kwa pamoja, kidole kidogo cha mkono wa kulia, ambacho ndicho dhaifu kuliko vyote, hutakiwa mara nyingi kuubeba wimbo na kusikika juu ya wenziwe, hali kidole gumba cha mkono ule ule, chenye nguvu kuliko vyote, kinatakiwa kunong'ona. Mwalimu wa kwaya anapoiamuru besi ipunguze ili sauti ya kwanza isikike, anafanya kazi hii hii. Ila yeye ana waimbaji wa kuwaamuru, na mpiga piano ana vidole kumi vinavyopaswa kutii amri kumi mbalimbali kwa wakati mmoja. Kibonyezo cha piano huanza kushuka kikipata uzito wa takriban gramu 50, na katika kupambana na uzito huo, siku baada ya siku, kidole hujifunza kupima. Kinanda chepesi chenye vibonyezo 61 vinavyorudishwa na springi hakina cha kupima, na kijana aliyekulia juu yake, ajapokuwa hodari wa kasi na wa kubuni, siku anapoketi mbele ya piano halisi huiona nzito kama mlango uliovimba kwa mvua.

Wala asidhani mtu kwamba dawa yake ni kupiga kwa nguvu. Ndani ya vidole vyetu hamna misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo imo katika kiganja na katika kigasha, nayo huvivuta vidole kwa kano, na kwa hiyo mwalimu mjuzi humfundisha mtoto kuuachia mkono wote ushuke kwa uzito wake, kuanzia bega, kifundo kikiwa laini. Asiyelijua hilo huulipa ujinga wake kwa maungo yake, na hata wajuzi hawakusalimika: Leon Fleisher wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa katika kilele cha sifa zake alipoanza, yapata mwaka 1964, kuona vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikijikunja pasipo idhini yake. Kwa muda wa takriban miaka 30 alifundisha, akaongoza okestra, na akapiga tungo za mkono wa kushoto peke yake, ikiwemo ile ambayo Maurice Ravel alimtungia Paul Wittgenstein, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kisha matibabu yakamrudishia uwezo wa kupiga kwa mikono miwili.

Ama habari ya kuhifadhi, hiyo ni ibada peke yake. Desturi ya kupiga bila karatasi ilienezwa katika karne ya 19, na miongoni mwa walioieneza yumo Clara Schumann, ambaye alipopiga kwa ghibu mjini Berlin mwaka 1837, naye ni binti mbichi, wapo waliomhesabu kuwa ana kiburi. Mpigaji mzuri huhifadhi kwa namna nyingi kwa pamoja: kwa sikio, kwa jicho linaloikumbuka karatasi, kwa vidole, na kwa akili inayojua utungo umejengwaje, kwani anayetegemea vidole tu hupatwa na lile linalompata mwanafunzi wa madrasa aliyehifadhi kwa ulimi pasipo moyo, ambaye ukimkatiza katikati hana budi kurudi mwanzo wa sura. Mwanamke huyo, ambaye alipanda jukwaani mjini Leipzig akiwa na umri wa miaka tisa na akaendelea kupiga hadharani hata mwaka 1891, alizaa watoto wanane, na baada ya mumewe Robert kufariki mwaka 1856 aliilisha nyumba yake kwa safari za muziki. Kila nimfikiriapo naona kuwa sifa anazopewa bado hazijamtosha.

Watu husema kwamba haya ni mambo ya nchi za baridi. Ni kweli kwamba mwambao wetu una uadui na piano, maana unyevu wa hewa hapa hupita asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, ilhali mafundi huipendelea iwe baina ya 40 na 60. Ubao wa sauti huvimba, sauti hupotoka, nyuzi hushika kutu, na mchwa naye hana simile. Zamani watengenezaji wa Ulaya waliunda piano za nchi za joto zilizokazwa kwa skrubu za shaba pale ambapo gundi ingeachia. Lakini Vietnam nayo ni nchi ya joto na unyevu, tena ilikuwa vitani, na shule ya muziki ya Hanoi ilipohamishiwa vijijini kuyakimbia mabomu, alikuwemo mtoto aitwaye Dang Thai Son, aliyezaliwa mwaka 1958, akifundishwa na mama yake mzazi; mtoto huyo ndiye aliyeshinda mashindano ya Chopin mjini Warsaw mwaka 1980, Mwasia wa kwanza kufanya hivyo. Alipata mwalimu tangu utotoni na akapata piano yenye uzito, ingawa mbovu, na mambo hayo mawili yalitosha kuanzia.

Afrika ya Mashariki haikukosa mwanzo. Nairobi ina chuo cha muziki tangu mwaka 1944. Unguja ndiko alikozaliwa, mwaka 1946, Farrokh Bulsara, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Freddie Mercury, na aliyejifunza piano shuleni Panchgani, India, kabla ya kuielekeza kwenye muziki wa roki. Hata tungo za kujifunzia zenye damu ya kwetu zipo, maana Mnigeria Akin Euba na Mghana J. H. Kwabena Nketia walifanya kazi ya kuipiga piano kwa mantiki ya ngoma, mkono mmoja ukishika mapigo matatu na mwingine mawili, na Nketia akatoa kitabu cha vipande 12 vya kufundishia. Mtoto wa Mbezi Luis, ambaye mapigo hayo ameyasikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, angeanzia hapo kwa wepesi kuliko mtoto wa Vienna.

Basi nawaomba wazee wa makanisa na walimu wakuu wa shule, wale watakaokusanya michango mwaka huu kununua ala, wasidanganywe na wingi wa midundo na taa. Waulize dukani kama vibonyezo ni 88 na kama vina uzito wa nyundo. Piano ya umeme ya namna hiyo, isiyohitaji fundi wa kukaza nyuzi mara mbili kwa mwaka, inatufaa pwani kuliko piano kuukuu ya mbao iliyoachwa bila mtunzaji. Na wakiisha kuinunua, wasiifungie kabatini kuingoja Jumapili, bali mlango uachwe wazi alasiri za siku za kazi, ili mtoto wa miaka saba apate pa kuketi na mtu wa kumsahihisha mkono.