Mate Si Kohozi

Mji wa Songea uko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai asubuhi zake huwa za baridi. Katika asubuhi kama hizo mtu aliyekohoa kwa majuma mawili au zaidi hufika hospitali, akapewa kopo la plastiki lenye mdomo mpana, akaambiwa atoe kohozi. Mara nyingi, kwa haya au kwa kutoelewa, hutema mate. Arudishapo kopo hilo, kosa limekwisha kutendeka ambalo hakuna darubini wala mtaalamu awezaye kulisahihisha.

Kijidudu cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alitangaza huko Berlin mwaka 1882 kwamba amekigundua, hushambulia hasa mapafu. Kohozi ni ute mzito utokao katika mirija ya mapafu hayo. Mate hutengenezwa na tezi za kinywani. Vyote viwili hupitia mdomo mmoja, na hapo ndipo watu wanapovichanganya.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha hasara yake. Ili vijidudu vionekane kwa darubini ya kawaida, yapasa kila mililita ya kohozi iwe navyo wapatao 10,000. Achukuliwe mgonjwa mwenye vijidudu 20,000 kwa mililita. Akitoa mililita moja ya kohozi pamoja na mililita tatu za mate, vijidudu vile vile 20,000 vitakuwa vimesambaa katika mililita nne, yaani 5,000 tu kwa kila mililita. Mpimaji ataandika kwamba hakuona kitu, naye atakuwa amesema kweli. Mgonjwa atarudi kulala chumba kimoja na watoto wake. Dakta Karel Styblo, ambaye tangu 1977 alisaidia kuujenga mpango wa Tanzania wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, alikadiria kwamba mgonjwa wa namna hiyo asipotibiwa huambukiza watu 10 hivi kwa mwaka. Styblo hakuujua ugonjwa huu vitabuni tu. Aliwahi kuugua mwenyewe, baada ya kufungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Namna ya kutoa kohozi haina ugumu, ila yataka maelezo ya subira. Mgonjwa husukutua kwanza kwa maji safi ili kuondoa mabaki ya chakula. Kisha huambiwa, "Baba, vuta pumzi ndani kabisa, izuie kidogo, uitoe taratibu, rudia tena, halafu ukohoe kutoka kifuani." Kiasi kitakiwacho ni mililita tatu hadi tano, yaani karibu kijiko kimoja cha chai. Kohozi la alfajiri ndilo bora, kwa kuwa usiku mtu hukohoa kidogo na ute hujikusanya. Kazi hii hufanyika nje, mbali na watu, ambako upepo hutawanya vijidudu na mwanga wa jua huviua. Kamwe isifanyike chooni wala katika chumba kilichofungwa.

Joto na muda navyo vina sehemu yake. Bakteria wengine waliomo kinywani waweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, hali kijidudu cha kifua kikuu huhitaji saa 15 hadi 20. Kopo likisafiri kutoka mbali, kama vile Tunduru, ambako ni zaidi ya kilomita 250 kutoka Songea, na likaachwa juani, wale wa haraka watakuwa wamelijaza. Darubini haitaathirika sana, kwani hata kijidudu kilichokufa hushika rangi nyekundu kwa sababu ya ganda lake lenye nta. Lakini maabara ikitaka kukiotesha ili kujua ni dawa zipi zinazokiweza, itaotesha magugu. Ndiyo maana kopo husafirishwa katika sanduku la barafu, kwa nyuzi 2 hadi 8 za Sentigredi.

Yawezekana mwanafunzi akauliza iwapo haya yote hayajapitwa na wakati, maana siku hizi zipo mashine kama GeneXpert zitafutazo chembe za urithi za kijidudu, nazo huhitaji vijidudu vichache mno kuliko darubini. Ni kweli kwamba mashine hizo zimeokoa wengi. Hata hivyo mashine haijui kohozi ni la nani. Jina likiandikwa juu ya kifuniko badala ya ubavuni mwa kopo, inatosha vifuniko viwili vibadilishane mezani: mzima atameza dawa kwa miezi kadhaa, na mgonjwa ataambiwa hana kitu.

Watoto wadogo ni mtihani wa peke yake, kwa sababu hawajui kutema kohozi, hulimeza. Kwa muda mrefu waganga walilazimika kupitisha mpira puani hadi tumboni ili kulipata, jambo linalomtesa mtoto. Katika miaka ya karibuni Shirika la Afya Duniani limekubali njia nyingine: kohozi lililomezwa hufuatwa katika kinyesi cha mtoto, na mashine ile ile hukipima.