Kasha la Vyuma Chini ya Ngazi

Kila nyumba ya Waswahili ina kasha lake. Moja lina kanga za bibi, jingine lina hati na picha zilizoliwa pembe na mchwa. Nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, tuliyoalikwa majuzi, ilikuwa na kasha la vyuma. Marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa magari umri wake wote. Mjane wake alikuwa ametoka edani, na watoto wao wanne, mmoja wao hajabaleghe, walitaka kugawana alichoacha baba yao. Nyumba na fedha zilijulikana. Kasha lile chini ya ngazi lilikuwa na vipuri ambavyo hakuna aliyejua ni vya gari gani, na mnunuzi wa vyuma kuukuu alikwisha kuja mara mbili na mizani yake, akitaka kulichukua lote kwa kilo.

Binti mkubwa alikataa. "Kwani tunauza nini?" aliuliza. Swali hilo ndilo lililotupeleka kwao.

Ni swali la sheria kabla halijawa swali la ufundi. Dini yetu imekataza biashara ya gharari, yaani kuuza kitu ambacho hali yake haijulikani. Na katika mirathi, kabla ya mjane mwenye watoto kupewa thumuni yake na watoto mafungu yao, hutangulia gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Mali isiyojulikana haihesabiki, na isiyohesabiwa haigawanyiki kwa haki. Palipo na yatima mdogo, uzembe wa watu wazima ni kula haki yake.

Basi tulikwenda pamoja na fundi mmoja mzee, rafiki wa marehemu. Tulitandaza magunia uani, tukatoa chuma kimoja kimoja. Haya ndiyo tuliyojifunza, nasi twayaandika kwa kuwa makasha ya namna hii ni mengi pwani yetu.

Kwanza, jina lililoandikwa juu ya chuma si lazima liwe jina la gari. Mama wa nyumba alidhani mumewe alikuwa na gari liitwalo Lucas, kwa kuwa jina hilo lilikuwa juu ya taa na dinamo. Lucas ni kampuni ya Birmingham, Uingereza, iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari mengi ya Kiingereza. Girling na Lockheed ni majina ya breki, Smiths ni ya mita za dashibodi, SU ni ya kabureta. Bosch hutuelekeza Ujerumani. Ducellier na Marchal hutuelekeza Ufaransa. Jina hutupa nchi na kazi ya kipuri. Gari lenyewe twalitafuta kwa njia nyingine.

Pili, nambari. Nambari iliyovimba juu ya chuma imetoka na kalibu. Iliyogongwa ikazama ndani imetiwa baadaye. Ya kalibu hukaribisha tu, kwa kuwa umbo moja la kalibu huweza kuchongwa kuwa vipuri viwili tofauti. Ya kugongwa ndiyo aghalabu hupatikana katika vitabu vya vipuri. Vifaa vingi vya Lucas vimegongwa na tarehe pia. Nambari za Volkswagen huenda kwa mafungu ya tarakimu tatu, na fungu la kwanza huonyesha aina ya gari: 113 ni ile ndogo yenye mgongo wa kobe, 211 ni Kombi.

Tatu, hesi za bolti. Magari ya Kiingereza ya zamani yalitumia hesi za Whitworth na jamaa zake, ambazo pembe yake ni digrii 55. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kipimo kimoja cha digrii 60, na viwanda vikahamia huko kidogo kidogo. Magari ya Kifaransa, Kijerumani na Kijapani hufuata milimita. Nati isiyokubali bolti isilazimishwe, maana kukataa kwake ni habari. Italiwa hesi, na ushahidi utapotea.

Nne, kusafisha. Mafuta ya taa kidogo na brashi laini vyatosha, kazi ifanywe nje, mbali na moto. Msasa na tindikali hufuta nambari na kushusha thamani. Nambari iliyofifia hupakwa chaki ikapanguswa, au humulikwa kwa tochi kutoka ubavuni. Kisha hupigwa picha pamoja na rula. Sumaku nayo husaidia: hushika chuma cha pua na cha kalibu, haishiki shaba wala alumini.

Hapa twawaonya akina mama hasa. Breki na klachi za magari ya zamani mara nyingi zilitiwa asbesto, na vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu baada ya miaka mingi. Zisipulizwe, zisisuguliwe, watoto wasizichezee. Zilowesheni kwa maji, zifungeni katika mfuko wa plastiki, mziweke kando.

Kasha lile lilisimulia historia ya barabara zetu. Mlikuwa na vipuri vya Land Rover, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1948, na vya Peugeot 404, gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, mlikuwa na kabureta ya SU, safi, na kibati chake kidogo cha nambari kikiwa bado kimefungwa juu ya kifuniko.

Fundi mzee aliisoma nambari ile, akafungua kitabu chake cha vipuri: Morris Minor. Binti akanyamaza, kisha akapanda ghorofani na kurudi na daftari la marehemu. Katika ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa baba yake, palikuwa na mstari aliokwisha kuusoma asiuelewe: kabureta ya Morris, jina la mtu wa Likoni, na maneno "imekwisha, haijachukuliwa".

Hapakuwa na aliyesema neno kwa muda. Chuma kilichokuwa kizuri kuliko vyote kasha zima hakikuwa cha warithi. Kilikuwa amana. Lau kasha lingepimwa kwa kilo, amana ya marehemu ingeuzwa pamoja na mali yake, na watoto wake wasingejua.

Jioni ile palikuwa na mafungu matatu uani: vilivyotambulika na kukadiriwa bei, visivyotambulika bado, na kile kimoja kilichorudishwa ndani ya kitambaa chake. Mwenye Morris naye alikuwa amekwisha kufariki. Ijumaa iliyofuata, mjane na binti yake walivuka feri, wakaikabidhi kabureta kwa wanawe.

Ndugu zetu, kabla ya kumwita mwenye mizani, fungueni kasha. Na daftari liwe karibu.