Bangi: Sheria Inasemaje, na Mgonjwa Amwambie Nini Daktari?

Kijana wa miaka ishirini na ushei analetwa kituo cha afya huko Mngeta, mikono yake imefungwa kwa kamba. Ndugu zake wamemtoa shamba la mpunga. Tangu usiku anaongea peke yake, hajui yupo wapi, na anapambana na kila amgusaye. Muuguzi hajauliza neno, mmoja wa waliomleta ameshatoa jibu: "Hiyo ni bangi tu."

Kisa hiki ni cha kielelezo, lakini hatari iliyomo ni ya kweli. Katika bonde la Kilombero, ambako malaria ni ugonjwa wa miaka yote, kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kuwa dalili ya malaria kali iliyofika kwenye ubongo. Kunaweza pia kutokana na homa ya uti wa mgongo, kushuka kwa sukari mwilini au kifafa. Mgonjwa akishapachikwa jina la mvuta bangi, huenda akaachwa kando "mpaka imtoke", na saa za kumwokoa zikapotea. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumpima joto, malaria na sukari, kisha kumkagua kichwa na shingo. Swali la bangi huulizwa pia, lakini halichukui nafasi ya vipimo.

Swali hilo ni gumu kujibiwa kwa sababu ya sheria. Nchini Tanzania, uvutaji wa tumbaku umewekewa mipaka ya mahali: sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kuvuta katika maeneo kadhaa ya umma. Bangi haina mipaka ya namna hiyo, kwa kuwa imekatazwa kila mahali. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kuilima, kuwa nayo, kuisafirisha, kuiuza na kuitumia ni makosa. Chumbani, shambani au barabarani, umri wowote, katazo ni lilelile; hata mwenye nyumba anayeruhusu itumiwe kwake anaweza kushtakiwa. Zanzibar ina sheria yake, nayo pia inaikataza.

Wengi huchanganywa na habari za nchi nyingine. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuitumia faraghani, si hadharani. Ujerumani iliiruhusu kwa watu wazima Aprili 2024, lakini si mbele ya watoto, si karibu na shule, wala katika mitaa ya waenda kwa miguu kati ya saa moja asubuhi na saa mbili usiku. Ruhusa hizo haziishi nje ya mipaka ya nchi zilizozitoa, wala hazimaanishi kwamba bangi imekuwa salama. Mipaka yenyewe ya mahali imewekwa kwa sababu ya madhara yake.

Madhara hayo yanajulikana. Bangi hupunguza kumbukumbu na wepesi wa kuamua, jambo la hatari kwa dereva wa bodaboda na kwa mwendesha trekta. Anayeanza akiwa kijana mdogo na kuivuta mara kwa mara huongeza uwezekano wa kuugua akili, hasa ikiwa ugonjwa huo umo katika ukoo. Mjamzito anayeivuta huweza kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu. Wapo pia watumiaji wa muda mrefu wanaotapika mfululizo na kupata nafuu wakioga maji ya moto. Wasiposema ukweli, huzungushwa kwa vipimo vya tumbo visivyo na mwisho.

Ukweli huo una uzito zaidi mgonjwa anapopelekwa Ifakara kwa upasuaji. Mvutaji wa kila siku huweza kuhitaji kiasi kikubwa zaidi cha dawa ya usingizi, na mapigo ya moyo wake huweza kubadilika. Mtaalamu wa usingizi asiyeambiwa hufanya kazi gizani.

Kifafa nacho kinastahili neno. Milima ya Mahenge, upande wa pili wa bonde, inajulikana katika tafiti za kitabibu tangu miaka ya 1960 kwa wingi wa wagonjwa wa kifafa, na watafiti wanauhusisha wingi huo na usubi. Familia zilizohangaika miaka mingi husikia kwamba "bangi ni dawa ya kifafa". Kilichoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2018 ni kanabidioli, kemikali moja ya mmea huo isiyolevya, iliyosafishwa na kupimwa, kwa aina chache za kifafa kikali cha utotoni. Msokoto si dawa hiyo. Anayeacha vidonge vyake akavuta bangi anajiweka katika hatari ya kuanguka mfululizo, pengine karibu na moto au mto.

Mhudumu wa afya, basi, na aulize faraghani, ndugu wakiwa nje, kwa sauti ileile anayoulizia pombe na sigara: unatumia nini, mara ngapi, mara ya mwisho lini? Aeleze kwanza kwamba anauliza ili atibu, na kwamba maadili ya kazi yanamtaka atunze siri. Anayetaka kuacha aambiwe kuwa hasira na kukosa usingizi kwa wiki moja au mbili ni jambo la kawaida, na kwamba ushauri nasaha husaidia. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ni ya waraibu wa heroini. Haitibu uraibu wa bangi.

Na yule kijana? Akipimwa mapema akakutwa na malaria, anaanzishiwa sindano siku hiyohiyo. Akikutwa hana, anatafutiwa chanzo kingine, bangi ikiwa mojawapo. Kwa vyovyote, kamba hufunguliwa mapema iwezekanavyo, naye huhudumiwa kama mgonjwa.