Kinanda cha Hammond na Karatasi Iliyozeeka

Laurens Hammond, mhandisi wa Marekani aliyekuwa akitengeneza saa za umeme mjini Chicago, alipotoa kinanda chake mwaka 1935, alitumia mota ya jinsi ile ile ya saa, ifuatayo mapigo ya umeme bila kuzidisha wala kupunguza, kuzungusha magurudumu madogo ya chuma yenye meno, ili kila gurudumu, lipitapo mbele ya ncha ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, liamshe katika waya ule umeme dhaifu upandao na kushuka kwa hesabu ya meno hayo. Na umeme huo, ukishakuzwa, ndio sauti iliyojaza makanisa ya Wamarekani weusi, na ndiyo aliyoipigia jazi Jimmy Smith.

Maadamu meno hayabadiliki, magurudumu hayo, ambayo katika modeli ya Hammond iitwayo B-3 ni 91, hayapotezi sauti zake kwa uzee. Kinanda cha Marekani kikiletwa kwetu, ambako umeme hupiga mara 50 kwa sekunde badala ya 60, mota iliyozoea mizunguko 1200 kwa dakika huenda 1000, na muziki wote ukashuka zaidi kidogo ya nusu-toni tatu. Lakini hilo si ugonjwa wake.

Ugonjwa wenyewe aghalabu umo katika karatasi. Tangu sauti ya 49 kwenda juu, kila moja ina chujio la koili na kapasita, lipitishalo sauti yake na kuzuia za jirani. Nazo kapasita za zamani, zilizofanyizwa kwa karatasi na nta, uwezo wake huongezeka kadiri ya miaka, hata chujio likaacha kuafikiana na sauti yake, na noti nyembamba zikafifia.

Fundi mwenye haraka hubadili kapasita ya noti ile moja iliyolalamikiwa, nayo ikapiga kelele katikati ya wenzake waliodhoofika. Rai yangu ni kwamba kapasita zibadilishwe zote pamoja, baada ya kutia mafuta, ambayo nyuzi za pamba huyafikisha polepole kwenye mihimili, na baada ya kupima kila sauti kwa mita na kuiandika. Lehemu ya zamani iyeyushwe upesi, wala kijiti cha kiungo kisitikiswe, kwa kuwa waya wa koili ni mwembamba kama unywele na hukatika bila kuonekana. Kisha husawazishwa sumaku: skurubu hulegezwa, ncha ikasogezwa kidogo mno huku mita ikitazamwa, kwani ikigusa gurudumu huyala meno, na jino lililolika halina dawa.

Wako wapenzi, na masikio yao nayaheshimu, wasemao kwamba ule ufifi ndio utamu. Hao nao wabadilishiwe kapasita, kisha sumaku za juu zivutwe nyuma mpaka waridhike. Kwa maana sumaku hukaa pale ilipokazwa, hali karatasi ile huendelea kugeuka.