Barua ya Nyumbani Nayo ni Kazi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu anayekwenda katika nchi ya watu kwa kujitolea haingoji siku hiyo ya tatu, kwa kuwa jembe amelishika tangu kwao. Lakini hawezi kukaa ugenini mwaka au miaka miwili bila kuwapelekea habari wale aliowaacha nyumbani. Leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu askari na polisi juu ya habari hizo, kwani ulimi uliotumwa nyumbani waweza kuijenga kazi ya mikono au kuibomoa.

KADI YA IBADAN

Tarehe 1 Machi 1961, Rais John F. Kennedy wa Marekani alianzisha Peace Corps, shirika la kuwapeleka raia wa nchi yake kufanya kazi za kujitolea katika nchi nyingine. Mwaka huo huo kundi moja la wapima ardhi na wahandisi lilikwenda Tanganyika kusaidia kazi za barabara. Kundi jingine, la walimu, lilikwenda Nigeria, likapokelewa katika chuo kikuu cha Ibadan ili lijitayarishe.

Mwezi wa Oktoba 1961, msichana mmoja wa kundi hilo la Nigeria, mwenye umri wa miaka 23, alimwandikia rafiki yake wa Marekani kadi ya posta. Aliusifu mji, kisha akaeleza jinsi alivyoshtushwa na uchafu na hali duni, akasema kwamba watu wa pale wanaishi barabarani, wanapika barabarani, na hata kujisaidia huko huko. Kadi ile ilianguka kabla ya kutumwa. Mwanafunzi akaiokota, nakala zikatolewa, zikaenea chuoni.

Nigeria wakati huo ilikuwa imetimiza mwaka mmoja tu wa uhuru. Wanafunzi waliona kwamba dharau waliyodhani imeondoka pamoja na mkoloni imerudi katika vazi la msaada. Wakaandamana, wakawaita wageni wale majasusi na mawakala wa ubeberu, wakataka waondoke. Msichana yule aliomba radhi, akarudi kwao. Wenzake walibaki, na iliwapasa kuutafuta upya urafiki wa wenyeji kwa subira na kazi. Mpango wenyewe haukufa, bali uliendelea Nigeria katika miaka iliyofuata.

Tulipime jambo hili kwa haki. Msichana yule hakuwa jasusi, wala hapana dalili kwamba alikusudia kutukana. Aliandika kama aandikavyo mtu yeyote katika majuma ya kwanza, macho yakiwa bado mageni. Lakini alimsema mwenyeji wake kwa maneno ambayo asingeweza kumwambia usoni, tena aliyaandika katika kadi isiyo na bahasha.

WAZEE WETU WA BURMA

Askari wa Afrika Mashariki walilijua jambo hili mapema. Wazee wetu wa King's African Rifles, waliopigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11, waliandika nyumbani wakijua kwamba barua zao zitapita mikononi mwa wakaguzi wa jeshi. Asiyejua kuandika alimtamkia mwenzake. Hivyo barua iliweza kuwa na wasomaji wawili watatu kabla haijafika kijijini, na mwenye barua alichagua maneno yake kwa kulikumbuka hilo.

Leo mkaguzi wa namna ile hayupo mlangoni. Askari aliye ugenini ana simu mfukoni, na picha anayoipiga asubuhi yaweza kuonekana Kampala kabla chai haijapoa. Mwaka 1961 ilihitajika mashine ya kutolea nakala. Sasa chatosha kidole kimoja. Tena si mwenyeji peke yake anayesoma, bali adui pia. Picha ya lango la kambi, ya mahandaki au ya magari yaliyopangwa tayari kwa safari, kwake ni ramani.

NYAMAZA SI DAWA

Wako watakaosema: basi tunyamaze. Hapana. Majeshi yetu yako Somalia tangu Machi 2007, na polisi wetu nao wametumika huko. Askari asiyejua hali ya mtoto wake mgonjwa hulinda zamu kwa nusu ya akili. Na nyumbani, pasipo na habari, uvumi huingia na kukaa kitini.

Tukumbuke Mei 2023, kambi ya Buulo Mareer iliposhambuliwa na askari wetu 54 kuuawa. Katika siku kama hizo kila mwenye mume au mwana huko hungoja simu ilie. Si haki mama apate habari za kifo cha mwanawe kutoka katika picha iliyosambazwa na mtu asiyemjua, kabla ya kuambiwa kwa heshima na wakuu wa jeshi. Anayetangulia kusambaza picha ya namna hiyo, hata kwa huzuni, amemjeruhi mtu aliyekwisha kujeruhiwa.

Kwa hiyo twashauri hivi. Andika nyumbani mara kwa mara, hata maneno machache: afya, ada ya shule, shamba, salamu kwa wazee. Mahali ulipo, idadi yenu na safari zenu ziache kambini. Na unapomtaja mwenyeji, mtaje kama kwamba atasoma yeye mwenyewe. Ukiona umaskini wake, tazama pia anavyoubeba, na ueleze yote mawili. Jifunze salamu ya lugha yake, uwafundishe watoto wako kwa simu. Hapo watajua kwamba baba yao yuko kati ya watu, si kati ya maadui watupu.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sote tutarudi nyumbani, na jina tutakaloliacha huko nyuma ndilo watakalolikuta wenzetu watakaokuja kupokea zamu.